Maktaba imekarabatiwa, kwenye picha inapendeza, ndani ni kazi

Nimechelewa kuandika hii maana siku ya kwanza nilitoka na hasira nkasema ngoja nizoee kwanza. Nimeshaenda mara sita na sijazoea. Nyota 2 kati ya 5, na hizo mbili ni za vyoo na lifti.

Jengo la zamani lilikuwa na kuta nene na madirisha membamba, kiza kidogo ndani lakini ule ubaridi we acha tu. Sasa upande wote wa magharibi wamebomoa wakaweka kioo kuanzia chini mpaka juu. Asubuhi panavutia, sikatai. Ikifika saa tisa jua linakufuata mezani, skrini ya laptopu haisomeki, watu wanahamahama kama kuku wanaotafuta kivuli, na juzi nimekuta wahudumu wamebandika magazeti kwenye hicho hicho kioo cha gharama! Na wasiseme hawakujua, maana lile ghorofa la London wanaloita Walkie Talkie, mwaka 2013 kioo chake kilichobonyea kilikusanya jua likayeyusha sehemu za gari lililopaki barabarani, ikabidi baadaye waweke vya kukinga jua.

Kelele nazo. Dari la mbao wameng'oa, wameacha zege tupu na mabomba nje nje, eti ndo usasa, basi mtu akiburuza kiti huko chini we wa juu unashtuka.

Katikati kuna zile ngazi pana za kukalia, kila jengo jipya siku hizi lazima liwe nazo sijui ni sheria. Hazina pa kushika wala pa kuegemea. Anayetumia kiti cha magurudumu anaelekezwa mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka.

Uwanja wa nje siuongelei sana: mabenchi ya mawe yenye vyuma katikati ili usijilaze, na hayana kivuli. William H. Whyte, mtafiti Mmarekani wa maisha ya mjini, alirekodi kwa kamera viwanja vya New York miaka ya 1970 akaona watu wanakaa palipo na pa kukaa, jambo ambalo hata mtoto angekwambia, ila hapa bado halijafika.

Kinachoniuma zaidi ni ngazi za zamani, zilikuwa zimelika katikati kwa miguu ya watu miaka na miaka. Wamezifunika vigae vya kijivu. Neues Museum, jumba la makumbusho la Berlin, ilipigwa mabomu Vita vya Pili vya Dunia, ikakaa gofu miongo kadhaa, msanifu majengo David Chipperfield alipoikarabati mpaka ikafunguliwa 2009 aliacha makovu ukutani yaonekane, na ngazi kuu iliyoteketea akaijenga upya kwa zege bila kujifanya ni ya zamani. Hawa wetu kitu kizima kabisa wamekizika.

Kuna kona moja karibu na stoo hawajaigusa, dirisha la zamani, meza ya zamani. Ukienda wahi, maana ukinikuta nimeshakaa pale mi sihami.