Spika ilinilalia siku niliyoihitaji kuliko zote

Naanza na kilichonikera. Nikianza na sifa zake hasira itapoa, na sitaki ipoe kabla sijamaliza kuandika.

Hivi karibuni tulikuwa na kumbukumbu ya mwalimu wangu wa gitaa, yule aliyenishika vidole kimoja kimoja akavipanga kwenye nyuzi nilipokuwa sijui hata gitaa linapakatwaje. Familia yake iliniomba nipige kipande kimoja tu, kile alichokuwa akimwanzishia kila mwanafunzi. Ni kipande cha taratibu, sauti safi, hakuna ngoma wala besi ya kujifichia. Nikaenda na modela yangu ya kukanyaga (kisanduku kinachoiga milio ya amplifaya za gitaa), kebo moja, na spika hii ya kubeba inayotumia betri. Niliijaribu watu hawajaingia, sauti ikaenea ukumbini vizuri mno. Nikakaa nikiwa na amani.

Hotuba zikaanza, tena ndefu. Nikafanya anachofanya kila mpiga gitaa anayejali wenzake: nikakanyaga tyuna, kile kipimo cha kulinganishia nyuzi. Kwenye modela yangu tyuna ikiwaka sauti yote inakatwa, na nilitaka hivyo, nisije nikagusa uzi kwa bahati mbaya mtu akiwa analia pale mbele. Nikaitwa. Nikasimama, nikaitoa tyuna, nikapiga noti ya kwanza.

Kimya.

Ya pili, kimya. Vidole vikaendelea vyenyewe kwa mazoea, macho yangu yanatafuta kebo, yanatafuta taa, moyo unanienda mbio. Halafu ndani ya spika kitu kikalia "tk", na sauti ikaingia katikati ya mstari wa pili kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Mjane wake alishtuka. Nilimwona.

Spika ilikuwa imelala. Ndiyo ilivyoundwa: ikikaa kama robo saa bila kusikia kitu kwenye tundu la kuingizia sauti, inajizima, kisha ikisikia tena inachukua sekunde kadhaa kuamka. Hakuna swichi ya kuiondolea tabia hiyo. Nimeigeuza, nimeiinamia na tochi, nimesoma kijitabu chake chote. Hakuna.

Na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wenye modela wanielewe, kwa sababu mwenye amplifaya ya kawaida anaweza kuona nakuza jambo dogo. Amplifaya ya vali, ile ya kizamani yenye taa za kioo ndani, hainyamazi kabisa. Hata usipogusa uzi inavuma, inafoka kwa mbali, na pikapu za gitaa, zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, zinaokota kelele za taa na nyaya za umeme. Modela inaweza kuyakata hayo yote. Ukiwasha tyuna au geti la kelele (linalofunga sauti ndogo usipopiga), kinachotoka ni kimya kitupu. Usafi huo ndio uliofanya wengi wetu tuache kubeba makabineti mazito, yale maboksi ya spika za gitaa, na ndio huohuo unaoiambia spika hii kwamba hakuna mtu. Yaani kadiri unavyokaa kwa adabu ukisubiri zamu yako, ndivyo unavyojiandalia aibu.

Nikawaandikia waliotengeneza. Jibu la kwanza: kifaa kinafanya kazi kama kilivyokusudiwa. Nikaandika tena, nikaeleza ilikuwa shughuli gani. Jibu la pili likanitajia kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kupunguza umeme unaopotea bure, ile ya 1275/2008. Naifahamu kanuni hiyo, iliyotumika hadi 2025: ilihusu vifaa vinavyotegemea umeme wa ukutani. Mimi nilikuwa natumia betri! Na kama ni kanuni, mbona zipo spika zenye kitufe nyuma cha kuzuia usingizi, na zinauzwa palepale Ulaya? Jibu la tatu ndilo lililonimaliza. Mhudumu aliniandikia kwamba bidhaa yao ni ya kusikilizia muziki, na kuipigia ala ni uamuzi wangu binafsi. Bwana, boksi lenu lina picha ya gitaa. Spika ina tundu la jeki lenye alama ya gitaa. Hakusema pole. Barua tatu, neno pole halimo.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nasema mtu asiiguse kabisa.

Ila siwezi kudanganya kuhusu sauti yake, na mwalimu wangu asingenisamehe kwa hilo. Modela inahitaji spika isiyoongeza kitu. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kukata sauti za juu ukifika karibu na hezi 5,000, na mkato huo ni sehemu ya mlio wa gitaa la umeme tuliouzoea. Modela inauiga huo tayari, pamoja na kabineti na maiki iliyowekwa mbele yake. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya gitaa bila kuzima uigaji huo, unapata kabineti juu ya kabineti, na gitaa linalia kama limefunikwa blanketi. Ukiichomeka kwenye spika za sherehe, zile zenye taa za rangi, unaletewa besi ambayo hukuiomba, na kila noti inabanwa mpaka hujui umepiga kwa upole au kwa hasira. Nimepitia zote mbili kwa miaka.

Hii haifanyi hivyo. Uzi mnene wa E ukiwa wazi uko kwenye hezi 82 hivi, na hapa unausikia uzi wenyewe, mviringo wake, hata kucha ikiugusa. Nikipiga kwa upole inabaki na upole. Nilirudia milio yangu yote niliyoitengeneza kwenye modela usiku kwa sauti ya chini, nikagundua mingi ina besi nyingi na makali mengi. Kosa lilikuwa langu: sikio hupungukiwa na besi na makali sauti ikiwa ndogo, jambo ambalo watafiti Fletcher na Munson walilipima tangu 1933, kwa hiyo usiku unaongeza, na kesho yake ukumbini vinakurudia vimezidi. Spika hii ilinionyesha hilo bila kunificha. Na ukiwa kwenye betri, ule mvumo wa hezi 50 au 60 unaokuja mitambo ikichangia nyaya za umeme haupo kabisa. Ni raha kubwa.

(Msije mkaiunganisha gitaa kwa Bluetooth kwa sababu tu spika inayo. Ucheleweshaji wake mara nyingi unapita milisekunde 100, na sauti hewani husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kupiga huku spika yako iko mita 34 mbali. Tumieni kebo.)

Ikikutana na mpiga ngoma inaelemewa, inaanza kujibana. Hilo silihesabu, si kazi yake.

Basi nikalainika. Nikasema nitaipa nyota nne na kuandika njia za kuizuia isilale. Nilijaribu kuzima geti la kelele ili mfoko wa gitaa uiweke macho. Kwenye sauti yenye distoshoni, ile ya kukwaruza, ilikubali, kwenye sauti safi ililala vilevile. Nilijaribu kutotumia tyuna, nikawa nagusa uzi kila baada ya dakika chache, kitu ambacho huwezi kufanya mtu akiwa anaongea. Kinachofanya kazi kwangu sasa ni simu iliyochomekwa kwenye chaneli ya pili, inapiga mlio wa chini mno ambao sikio halisikii, kutoka mwanzo wa shughuli hadi mwisho. Inakula betri, na ni kebo ya pili ambayo sikuitaka. Lakini haijalala tena. Kama unapigia chumbani au studio ndogo, huna haja hata ya hayo, inunue, utaipenda. Kama unapigia watu, kabla ya kutoa pesa iache kimya nusu saa mbele ya muuzaji, kisha upige noti moja uone.

Nilikuwa nimeshaandika hizo nyota nne. Jana mtoto wa mwalimu akanitumia video aliyoichukua kwa simu siku ile. Amekaa safu ya mbele, kwa hiyo mwanzoni kinachosikika ni vidole vyangu tu juu ya chuma cha nyuzi, kwaru kwaru, mstari mzima wa kwanza, ule ambao mwalimu alikuwa akiusisitiza kuliko yote, unapita bila sauti. Halafu "tk". Halafu mama yake anageuza kichwa.

Nyota mbili. Na zote mbili ni za sauti.