Mgahawa wa Kitaliano Malindi: jikoni mambo safi, mezani bado

Nianze na piza manake ndio ilotupeleka. Mgahawa wenyewe uko upande wa Casuarina kule Malindi, jina nalibania kwa sababu huko chini nina malalamiko, ila mtu wa Malindi akisoma hadi mwisho ataujua tu. Oveni iko wazi uani, ya matofali, inakokwa kwa kuni za mvinje, na anaeisimamia ni kijana wa Kigiriama ambae wallahi ana mkono. Nilienda nikasimama karibu nae nikawa namtazama, watu wa mezani wananingoja mimi nimeganda pale. Donge la unga limelala usiku mzima limeumuka, halipitii kisukumio cha chapati hata kidogo, analibonyeza kwa ncha za vidole kuanzia katikati akienda pembeni, ule upepo wote anausukumia ukingoni, halafu analipindua mkono huu mkono huu mpaka linafunguka. Nyanya ni upawa mmoja tu, anauzungusha kwa mgongo wake, chizi anatupia vipande vichache mbalimbali basi. Nikamuuliza mbona bahili hivo na chizi, akacheka akanambia kaka ukijaza, maji ya chizi yanatoka yanalala katikati inakua uji, na unga wa chini hauivi.

Anaisukuma ndani na lile pauro lake refu, anaigeuza mara moja mbili, imetoka. Si muda wa kujibu hata meseji. Hio ndio kawaida ya piza ya Napoli, mji wa kule Italia, oveni inatakiwa ipite digrii 430 hivi na piza ikae sekunde 60 mpaka 90 tu, ndio maana ukingo unavimba na unapata yale madoa meusi ambayo kwetu wengi wanadhani imeungua wanairudisha. Haijaungua jamani. Ikikaa dakika kumi kwa oveni ya gesi yenye moto mdogo ndio inatoka kama biskuti, zile tunazouziwa mjini kwa vile viboksi. Kazi hii ya kuchezea unga kwa mkono si mchezo, UNESCO, lile shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, waliiweka kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, urithi wa watu wa Napoli, na sa hivi kuna mtoto wa Malindi anaifanya vile vile kwa kuni za nyumbani.

Tuliagiza piza mbili, margherita ya nyanya na chizi, na marinara. Margherita shilingi 1,100, marinara 900. Ushauri wangu ukiingia mgahawa wa Kitaliano usoujua anza na marinara, ndio ya bei ya chini kwenye menyu na haina chizi kabisa, ni nyanya, kitunguu thomu, oregano na mafuta ya zeituni. Hapo mpishi hana pa kujificha, kama nyanya ni ya kopo mbaya utaijua na kama unga haukuumuka vizuri utaujua. Hii ilikua tamu, nyanya ina uchachu kidogo na utamu wake wenyewe, thomu limekatwa jembamba mpaka limeyayuka. Ukingo ukiubonyeza unarudi. Margherita ilipofika mama mkwe wangu kabla hajagusa akainusa akasema, he, hawa wametia mrehani kwa chakula? Kwake yeye mrehani ni wa kikuba, unavaliwa harusini pamoja na asmini, sa kuuona umelala juu ya nyanya ukitoa moshi alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini alikula, na yale majani aliyaokota hata ya kwenye sahani yangu.

Sa njoo kwa pasta, hapo ndo kulikua na kesi.

Tuliagiza spageti za vitu vya baharini, kamba, ngisi, kome na vipande vya kaa, sahani kubwa ya kula watu wawili 2,600. Si rahisi, lakini ukiona kilichomo hulalamiki sana. Mama kaonja uma wa kwanza kaniangalia, "mwanangu, hizi warudishie wazitie motoni tena, moyo wake mbichi." Namuelewa kabisa. Sisi tambi tunazikaanga kidogo kwa mafuta mpaka rangi igeuke, halafu maji, sukari, iliki, na tui ukipenda, zinapikwa mpaka ziwe laini hazina ubishi, ndio za futari. Mtaliano yeye anataka tambi iume kidogo chini ya jino. Anaitoa kwa maji bado ina nguvu anaimalizia kwa kikaango ndani ya mchuzi, na anatia upawa wa yale maji iliochemkia manake yana wanga, ndio yanafanya mchuzi ushike kwenye tambi badala ya kukaa chini kama supu. Nikamwambia mama onja tena lakini anza na mchuzi. Akachukua mkate akachovya. Akachovya tena. Kamba walikua wa jioni ile ile, wale wanaotoa utamu ukiukamua kichwa, ngisi laini hatafuniki kama mpira, na mchuzi una harufu ya bahari yenyewe. Mwisho wa habari ni kwamba sahani ilirudi kavu na mama akasema mchuzi wametenda haki, tambi wangemuachia yeye.

Mwanangu mdogo akaomba chizi juu ya ile spageti. Weita kakunja uso. Sawa najua Wataliano hawawekagi chizi kwenye samaki, utamu wa chizi unameza utamu wa bahari, lakini huyu ni mtoto wa miaka saba na mimi ndie nalipa, mletee tu. Kisha shemeji yangu akaomba pilipili, hapo ndo weita aliangalia juu kabisa kama tumemtukania mama. Na ukweli ni kwamba watu wa Kalabria, huko huko kusini mwa Italia, hawakai na chakula bila pilipili, sa huyu wetu anamlindia nani? Yule kijana wa oveni alisikia, dakika mbili kaleta kibakuli, pilipili mbuzi imekatwa katwa ikatiwa mafuta ya zeituni na chumvi. Hakuulizwa hakuambiwa. Ikaisha kibakuli chote na piza.

Kwa sisi tunaoangalia halali, andikeni haya mahali. Mgahawa unauza nguruwe na mvinyo, hilo hawalifichi, liko kwenye menyu. Mimi niliuliza kitu kimoja kimoja na hapa nawapa haki yao, weita hakubahatisha, alienda jikoni akarudi na majibu. Mchuzi wa nyama wa ragu una mvinyo mwekundu, achana nao. Ule wa baharini kwa kawaida wanamwagia mvinyo mweupe pia, ila ukisema mapema wanapika bila, na sisi tulisema mapema. Marinara na margherita hazina neno lakini waambie wasitumie kisu kilichokatia piza ya salami, ile soseji ya nguruwe, wana kisu kingine, ni wewe kusema. Panna cotta, ile krimu yao tamu, inagandishwa kwa jelatini na hawakua na uhakika imetoka kwa mnyama gani, tukaiacha. Tiramisu, ile keki yao ya kahawa, migahawa mingine hutia pombe, hapa walisema kahawa peke yake. Na kama wewe ni wa kuchunguza mpaka mwisho, parmesani halisi inagandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama, sa hapo muulize shekhe wako si mimi. Jirani yetu tuliokua nae ni Mkristo, yeye hana hayo mambo, aliagiza pasta ya karbonara na ikaja ya kweli, yaani viini vya mayai na chizi ya kondoo bila krimu. Nyama walitia bekoni badala ya ile ya shavu la nguruwe, sa Malindi hio ya shavu utaitoa wapi kila wiki. Alisema nzuri, mimi sikuonja bila shaka.

Huduma sasa.

Tumefika saa moja jioni, tumeingia tunapokewa na "buonasera." Mama mkwe akajibu "waaleikum salaam" akapita zake. Sote weusi hapo, weita ni mtoto wa hapa hapa, ukimsikia lafudhi ni wa Mambrui au karibu na huko, na anatuongelesha Kitaliano! Tukawekwa meza ya kando ya mlango wa choo na ua mzima meza ziko tupu. Kuuliza, ati zile zimeshabukiwa. Sawa. Baadae kidogo akaja mzee wa Kitaliano na mkewe, bukingi hawana kwa sababu nilisikia wakiulizwa wakasema hawana, wakapelekwa moja kwa moja mbele kunakopiga upepo. Na meza nyengine mbili tatu za huko mbele zilikaa tupu mpaka tunaondoka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule mzee akipita kwetu alisema "habari za jioni, karibuni chakula" kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha weita, akamwamkia mama shikamoo.

Sio kwamba nashangaa Kitaliano Malindi. Wataliano hawa hawakuja jana, tangu miaka ya 60 walipoanza ule mradi wa San Marco kule Ngomeni, jukwaa la kurushia setilaiti liko ndani ya bahari kabisa. Ndio pale 12 Desemba 1970 walirusha ile setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikua sikukuu yetu ya uhuru. Baadhi yao wakakaa, wengine wakaja na mahoteli, na leo kuna watoto wa ufuoni na madereva wa tuktuk wanakipiga Kitaliano bila kukanyaga darasa. Ni akili hio, lugha ya mteja ni pesa. Lakini mteja akiwa ni mimi basi lugha yangu nayo ni pesa. Menyu iko Kitaliano na Kiingereza peke yake, mama ilibidi nimsomee kila mstari, na mji umejaa Waswahili.

Bili ndio ikanimaliza. Imeandikwa mkate na meza shilingi 150 kila kichwa, halafu juu yake huduma asilimia 10. Huko Italia kutozwa kwa kukalia meza ni jambo la kawaida, wanaita coperto, sina ugomvi nalo, ila lazima niambiwe kabla. Menyu nikaigeuza kweli ikawa imeandikwa chini kabisa kwa herufi za chungu. Mkate wenyewe hatukuomba, uliletwa tukaona ukarimu. Tena kulikua na chupa ya maji makubwa hatukuifungua, hio waliitoa bila ubishi nilipoonyesha, meneja akaomba radhi vizuri na hakuleta kiburi. Nikamwambia na mambo ya meza, akasema ataliangalia. Malipo ni till ya M-Pesa au kadi, risiti wanatoa.

Vinywaji sina la kusema, juisi ya ukwaju ilikua na maji mengi. Kahawa nzuri sana, mke wangu aliagiza kapuchino usiku, kitu ambacho Mtaliano anakunywa asubuhi tu, na hakuna aliemkunjia uso, pengine weita alishachoka na sisi. Kwa utamu msipoteze pesa kwa tiramisu, ni sawa tu, imelowa kupita kiasi. Agizeni gelato, yaani aiskrimu yao, ya embe. Ni embe ngowe, msimu wake ulikua umekolea, na hawakuitia sukari ya kuua ladha, unakula unasikia na ule ukali kidogo wa karibu na ganda. 300 kikombe, watoto walirudia.

Chakula nawapa 9 kwa 10, huduma 5, na hio 5 ni kwa sababu ya meneja na kwa sababu weita alikua mkweli kwenye mambo ya halali. Nitarudi, nimesharudi hata, safari hio nilipiga simu mapema nikasema kwa sauti nataka meza ya mbele karibu na oveni na nikapewa bila maneno. Kwa hio nyinyi pia pigeni. Mkifika semeni hamtaki mkate kama hamtaki, ulizeni kamba wameingia leo au wa friza, na watu wanne piza mbili na ile sahani ya baharini inatosha, msiagize kwa macho. Mandhari ni taa za njano na mabugenvilia, mbu wako, vaeni suruali ndefu.

Wakati mzuri ni kaskazi, Disemba mpaka Machi, bahari imetulia na vitu vya baharini viko vingi ingawa ndio na bei za watalii. Kusi ikianza bahari inachafuka, na masika Malindi nusu ya hizi sehemu zinafunga, Wataliano wamerudi kwao. Mkipiga simu Mei isipojibiwa jaribuni tena Julai.