Wiki mbili za kusoma usalama wa kimataifa mjini The Hague: tathmini ya mwanafunzi wa diplomasia

Juni iliyopita nilihudhuria kozi fupi ya usalama wa kimataifa mjini The Hague, Uholanzi. Chuo kilichoiandaa sitakitaja, kwa kuwa ninayotaka kuyaeleza yanahusu namna kozi za aina hii zinavyofundishwa, wala si makosa ya chuo kimoja. Nilianza kusomea diplomasia Kurasini, Dar es Salaam, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, na ninaandika kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wa Afrika Mashariki ambao wameona matangazo ya kozi hizi na wanajiuliza kama zinastahili gharama yake. Jibu langu ni kwamba zinastahili ukipata ufadhili, ila ujue tangu mwanzo kwamba darasa lenyewe si sehemu bora kuliko zote.

Gharama nitaieleza kwa ufupi. Mbali na ada na nauli, viza ya Schengen, yaani ya kuingia Uholanzi na nchi nyingine nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90, ambazo hazirudishwi hata ukinyimwa, na lazima uwe na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi yanaruhusiwa kuwasilishwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Itumie nafasi hiyo, kwa sababu barua ya udahili pekee haimtoshelezi ofisa wa viza.

Siku iliyonifunza kuliko nyingine ilikuwa ya nne, tulipokwenda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile tunayoizoea kwa jina la ICC. Jengo lake, linalotumika tangu Desemba 2015, liko pembeni mwa vilima vya mchanga kuelekea ufuko wa Scheveningen, na mwananchi yeyote anaweza kuingia kusikiliza kesi bila malipo. Unaonyesha kitambulisho, unakaguliwa, unaacha simu na mkoba katika kabati, kisha unapanda hadi sehemu ya wasikilizaji, ambayo imetenganishwa na ukumbi wa mahakama kwa kioo kipana. Kwenye kiti unakuta kifaa cha kusikilizia chenye kitufe cha kuchagua lugha. Kesi ya siku hiyo ilihusu Jamhuri ya Afrika ya Kati. Shahidi alizungumza polepole, na sauti ya mkalimani ikamfuata kwa nyuma kidogo, kama mtu anayetembea gizani akishika bega la mwenzake. Kila shahidi alipokaribia kutaja jina la mtu au la kijiji, jaji aliamuru kikao kiwe cha faragha: sauti ikakatika, pazia likashuka mbele ya kioo, nasi tukabaki tumekaa kimya tukitazama kitambaa. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu ulinzi wa mashahidi, lakini sikuwahi kuelewa uzito wake hadi pazia lile liliposhuka kwa mara ya tatu.

Tulipotoka nje, mwanafunzi mwenzetu kutoka mashariki mwa Kongo aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Asubuhi yake, katika mhadhara kuhusu kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Kongo aliyetiwa hatiani na ICC Machi 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15, mkufunzi alikuwa ameandika ubaoni neno “kadogo” na kulieleza kuwa ni jina wanaloitwa askari watoto. “Dada,” aliniambia yule mwenzetu, “nyumbani mama ananiita kadogo mpaka leo, maana mimi ndiye wa mwisho.” Maelezo ya mkufunzi hayakuwa ya uongo, lakini yaliacha nje kile kinacholifanya neno hilo liumize: kwamba waliowapa watoto bunduki waliwaita kwa jina lile lile la mapenzi ambalo mama humwitia mtoto wake. Mashahidi wengi kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo, walitoa ushahidi wao kwa Kiswahili katika mahakama ile, na darasani mwetu tulikuwamo wanne tunaokizungumza. Hakuna aliyetuuliza neno hilo lina maana gani kwetu.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa kuhusu kozi hii. Somo la ulinzi wa amani lilifundishwa kwa umakini mkubwa upande wa nyaraka. Tulilisoma kifungu kwa kifungu Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Machi 2013 na kuunda brigedi ya kuwakabili waasi mashariki mwa Kongo, na nilijifunza kutofautisha jukumu la kulinda raia na jukumu la kuyasambaratisha makundi yenye silaha, tofauti ambayo mwanzoni nilidhani ni ya maneno tu. Hata hivyo, Tanzania, Malawi na Afrika Kusini, zilizotoa askari wa brigedi hiyo, zilionekana katika jedwali moja tu, chini ya safu ya “nchi zinazochangia wanajeshi”, na mjadala ukageukia gharama. Niliinua mkono nikakumbusha kwamba kamanda wa kwanza wa brigedi ile alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa, na kwamba tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini. Mkufunzi alinishukuru kwa heshima, kisha akaendelea na ukurasa uliofuata. Simtuhumu kwa dharau. Alikuwa na dakika 50 na nchi nyingi za kupitia. Lakini kozi inayowaalika wanafunzi kutoka Dar es Salaam, Kampala na Bukavu inapaswa kutenga muda wa kuwasikiliza, la sivyo wanakuwa wamelipa kusimuliwa habari za nyumbani kwao na mtu asiyewahi kufika.

Upande wa Kasri la Amani sina manung'uniko yoyote. Jengo hilo lilifunguliwa Agosti 1913, mwaka mmoja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie, na ndimo inamokaa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo tofauti na ICC huamua mashauri baina ya nchi. Kituo chake cha wageni hakitozi kiingilio. Mkufunzi wa siku hiyo, mwanasheria mtulivu, aliifundisha kesi ya Kongo dhidi ya Uganda, kuhusu uvamizi wa majeshi ya Uganda nchini Kongo, kana kwamba anasimulia maisha ya mtu: shauri lilifunguliwa 1999, hukumu ikatoka Desemba 2005, kisha ikachukua hadi Februari 2022 kwa mahakama kuamuru Uganda ilipe fidia ya dola milioni 325. Alituuliza mtoto aliyezaliwa Kisangani mwaka shauri lilipofunguliwa alikuwa na umri gani amri ya fidia ilipotolewa, kisha akanyamaza hadi mmoja wetu akahesabu. Mwanafunzi wa Kampala na yule wa Kongo walibaki wakizungumza mbele ya lango la chuma kwa muda mrefu baada ya sisi wengine kwenda kula. Nafasi ya namna hiyo sijaiona katika kozi yoyote ya nyumbani, na kwa ajili yake peke yake ningesafiri tena.

Zoezi la mwisho, la kuigiza kikao cha Baraza la Usalama, lilikuwa la wastani. Nilipewa kiti cha nchi yenye kura ya turufu, nikaipiga, na rasimu ya wenzangu ikafa papo hapo baada ya siku mbili za kazi.

Kwa atakayekwenda: waulize waandaaji kabla ya kulipa kama ratiba ina siku ya kusikiliza kesi, kwa sababu ICC hupumzika wiki kadhaa kati ya Julai na Agosti na kozi nyingi huangukia hapo. Kasri la Amani huingiwa ndani kwa kuongozwa tu, na nafasi hizo huwekwa mapema. Ukiweza, ongeza siku mbili baada ya kozi, urudi peke yako pale kwenye kioo, uchukue kifaa cha kusikilizia na ukae tangu kikao kinapoanza hadi majaji wanapoinuka.