Kliniki ya chanjo Kayole, Nairobi: nyota nne

Mwanangu alitakiwa kudungwa dozi ya pili ya surua na rubela akiwa na miezi 18. Nilimchelewesha miezi mitatu, na si kwa kusahau. Niliogopa. Kwenye kikundi cha chama chetu ilikuwa inazunguka sauti ya WhatsApp ikidai sindano hizi zinafunga kizazi, maneno yale yale ya mwaka 2014, maaskofu wetu Wakatoliki walipopinga chanjo ya pepopunda.

Tena nilikuwa na kinyongo cha zamani. Novemba 2021 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa korona hatahudumiwa katika ofisi za serikali. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo, lakini mimi nilikuwa nimeshapiga foleni na kudungwa, kwa hofu ya kukosa huduma. Hakuna aliyeniuliza kama nina swali.

Basi Jumanne saa mbili asubuhi nikafika kituo hiki cha umma. Sista, yaani muuguzi, akafungua kitabu cha kliniki, akaona pengo. Nikajikaza nikisubiri kukaripiwa. Akaniuliza tu, "Mama, ni nini kilikuzuia?"

Nikamweleza yote. Akaomba kuisikiliza ile sauti mwenyewe, yote, simu ikiwa sikioni, kisha akaijibu hoja kwa hoja. Akaniambia binti zake wawili wamechanjwa hapo hapo. Nilipouliza kwa nini dozi mbili, akasema ile ya miezi 9 haishiki kwa kila mtoto: katika 100, kama 15 hivi hubaki bila kinga. "Na kwa macho hatuwezi kujua wako yuko upande gani." Katika miaka yangu yote ya kliniki hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Hofu ilinitoka pale pale, kwenye ile benchi ya mbao.

Nyota moja naipunguza kwa sababu ya chupa. Chanjo ya surua huja chupa ya dozi 10, na ikishachanganywa inatupwa baada ya saa 6. Siku ile tulikuwa na watoto watatu tu, kwa hiyo tukaambiwa turudi Alhamisi, watoto wakiwa wengi. Hesabu yake naielewa, lakini siikubali. Heri dozi saba zimwagwe kuliko mtoto aliyeshafika mlangoni arudishwe nyumbani. Mzazi mwenye wasiwasi hujikaza mara moja, hajikazi mara mbili.

Alhamisi nilirudi. Wangu alidungwa mkono wa kulia, akalia kidogo, akanyamaza. Sikulipa hata shilingi. Jumanne nilikuwa nimeketi na mama mmoja muuza mboga, aliyefunga kibanda ili alete kitoto chake cha miezi 9. Nilimtafuta kwenye foleni hadi saa sita mchana. Hakurudi.