Siku tatu Matema: ziwa zuri, mchele wa ugenini

Nina miaka 19 nauza mchele Mwanjelwa, hapa Mbeya, na kwa miaka hiyo yote nimeshuka Kyela mara nisizoweza kuzihesabu. Nashuka alfajiri, nazungukia wakulima na mashine za kukoboa, napakia, jioni napanda mlima. Ziwa Nyasa nililijua kwa macho ya mbali tu, mstari wa kung'aa upande wa kusini, mimi nikiwa mbele ya fuso na akili yote iko kwenye magunia. Mwaka huu mwezi wa sita nikasema basi. Nikamchukua mama yangu, ana miaka 76, nikawachukua wajukuu wangu wawili, tukaenda Matema, ufukweni mwa ziwa hilo huko huko Kyela, kupumzika kama wanavyopumzika watu wengine. Tumelala usiku mbili. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe mnaouliza kila mara kama Matema inafaa kwa familia. Inafaa. Ila kuhusu chakula nina neno zito, na nitalisema lote.

Tulipanda Costa stendi ya Nanenane. Kwa anayetoka kwenye baridi, safari yenyewe ni nusu ya mapumziko. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, ziwa liko chini ya mita 500, na katikati hapo unapita kila aina ya shamba. Isyonje mama alijifunga kitenge cha pili kwa ubaridi. Kiwira mikungu ya ndizi imepangwa kando ya lami. Tukuyu ni chai na ukungu. Baada ya hapo gari linateremka hadi masikio yanaziba, na ukifungua dirisha unakuta hewa nyingine kabisa, nzito na ya joto. Wajukuu walivua masweta hata kabla hatujafika Kikusya, tunapoiacha barabara ya Kasumulu na kushika ile ya Ipinda na Matema. Nayo ni ya lami, msiogope.

Kuanzia pale ni kakao chini ya migomba, michikichi, halafu majaruba ya mpunga. Karibu kila uwanja wa nyumba una mkeka wa kakao inayokauka, na harufu yake kwa asiyeijua inafanana na siki, kwa sababu mbegu zinachachushwa kwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na Kyela iliuona mwaka ule. Wakulima ninaowafahamu wameezeka upya kwa fedha ya kakao. Mpunga nao ulikuwa umevunwa, mabua yamebaki shambani, na kwenye mashine za Ipinda foleni ya magunia imefika barabarani. Kwa hiyo nilifika Matema nikiwa na matumaini makubwa ya chakula cha jioni.

Jina la nyumba tuliyolala siliandiki, maana ninayoyasema nimeambiwa yapo kwenye nyumba zaidi ya moja pale ufukweni. Vyumba viwili, elfu 55 kila kimoja kwa usiku. Vitanda safi, vyandarua havina tundu hata moja, mchanga wa mbele unafagiwa kila asubuhi. Umeme ulikatika usiku wa kwanza na jenereta likazimwa saa nne, tukalala bila feni, tukatoka jasho. Wahudumu ni vijana wenye adabu. Mama yangu walimtunza vizuri: walimwekea kiti kivulini kabla sijaomba, na kila asubuhi walimsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, bibi." Kwa mzazi wa umri ule hilo lina thamani kuliko televisheni ya ukutani. Jambo jingine la kuwatuliza mnaosafiri na wazee: hospitali ya Kilutheri ipo hapo hapo Matema.

Sasa ziwa. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu nimelinyima macho yangu miaka 19.

Matema iko kwenye kona kabisa ya kaskazini ya ziwa, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone inasimama wima kutoka majini, kijani kibichi hadi mawinguni. Kwa sababu ya milima hiyo jua la asubuhi linachelewa kufika ufukweni. Saa moja na nusu kumekucha, wavuvi wanarudi na mitumbwi yao ya gogo moja, nawe bado umekaa kwenye kivuli cha mlima, maji yametulia kama yamemiminwa kwenye sinia. Maji yenyewe ni maangavu. Unaingia hadi kifuani na bado unaziona kucha za miguu yako. Ukisogea upande wa Lyulilo penye mawe, unaona samaki wadogo wa buluu na wa njano wakizunguka miguu. Hawa ndio samaki wa mapambo ambao dunia nzima inalijua ziwa hili kwa ajili yao. Hakuna ziwa lingine duniani lenye aina nyingi za samaki kuliko hili. Mjukuu wangu mdogo alisimama katikati yao bila kutikisika hadi midomo ikaanza kumtetemeka.

Mama yangu amezaliwa milimani Rungwe, mto anaoujua ni wa kuchota maji. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti akitazama. Siku ya pili asubuhi alinyanyua kitenge, akanishika mkono, akaingia hadi magotini. Mawimbi madogo yanapiga, anacheka. Tulisimama pale muda mrefu, wala hakutaka kutoka. Akasema "ndaga fijo", asante sana, na sikujua kama ananiambia mimi au analiambia ziwa.

Mchana hali inabadilika. Upepo wa kusini unaanza kuvuma na mawimbi yanakuwa makubwa, yanaangusha mtoto. Hakuna mtu aliyewekwa kuangalia waogeleaji, kwa hiyo mzazi ndiye mlinzi. Wenyeji pia walituonya tusiwasogeze watoto upande wa mdomo wa mto Lufilyo kwa sababu ya mamba. Onyo hilo nilipewa na mama mmoja aliyekuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwa hili. Mapokezi hawakunitajia. Wangelitundika ukutani, tena kwa maandishi makubwa.

Basi tuje mezani. Jioni ya kwanza niliagiza mbasa. Mbasa ni samaki mwenye mwili mrefu na nyama nyeupe tamu, ana miba mingi, unamla taratibu. Walimchoma vizuri sana, ndimu na chumvi tu, ngozi imekauka, ndani bado ana maji yake. Kwa samaki yule peke yake ningewapa alama zote.

Halafu likaja bakuli la wali. Lilipofunuliwa, hakuna kilichonukia. Mchele wa Kyela ukiiva, nyumba ya jirani inajua. Huu ulikuwa umekaa tu, mweupe, punje zimeachana, hauna kosa lolote na hauna harufu yoyote. Nilichukua punje chache nikazitafuna. Ni saro, ile mbegu inayolimwa sana Mbarali. Saro ni mchele halali, nauuza kila siku na una wateja wake; mkulima anaupenda kwa sababu unazaa. Lakini mimi nilikuwa nimeketi Kyela, mwezi wa mavuno, mita chache kutoka kwenye majaruba.

Niliomba ruhusa nikaenda jikoni. Sikwenda kugomba. Gunia lilikuwa kwenye kona, nalo lilikuwa limeshonwa kwa kamba ya buluu kwa mshono ninaoufahamu, mshono wa vijana wetu wa Mwanjelwa. Mchele ule umetoka Usangu, huko huko Mbarali, ukapanda hadi sokoni kwetu Mbeya, ukateremka mlima wote ule, ukapita Ipinda kwenye foleni ya magunia, ukaja kupikwa Matema. Mpishi, binti wa pale pale kijijini, aliona aibu kwa niaba ya watu wengine. Akaniambia, "Mama, sisi nyumbani tunakula wetu. Hapa tunapika tunacholetewa." Mwenye nyumba ananunua kila kitu Mbeya mara moja kwa mwezi: sabuni, soda, mafuta, na mchele humo humo.

Mimi ni mfanyabiashara, naielewa hesabu yake. Wiki ile kilo ya Kyela ilikuwa imezidi saro kwa shilingi 600 hivi. Lakini kilo moja inatoa sahani sita, tofauti ni shilingi 100 kwa sahani. Mimi nimesafiri na familia, nimelipa vyumba viwili, nimelipa samaki mzima. Ungeniambia niongeze shilingi 100 nile wali wa Kyela nikiwa Kyela, ningekuongezea 1,000 na kukushukuru.

Asubuhi ikawa hivyo hivyo. Mezani kulikuwa na vifuko vya majani ya chai, mkate wa kukata, na kopo la kinywaji cha chokoleti kilichotoka nje ya nchi. Nje ya uzio, hatua chache, mkeka wa kakao unaanikwa. Mjukuu mkubwa, yuko darasa la sita na amefundishwa kwamba kakao nyingi ya Tanzania inatoka Kyela, aliuliza kama anaweza kuonja ile ya hapa. Hakukuwa na mtu wa kumjibu. Nilimnunulia tunda moja kwa jirani, tukalipasua, akafyonza ule utelezi mweupe unaozunguka mbegu. Ni mtamu wenye uchachu kidogo. Ndiyo kakao pekee tuliyoonja kwa siku tatu. Mbegu zikikaangwa, zikatwangwa na kuchemshwa na maziwa, ni kikombe ambacho mgeni angekisimulia mwaka mzima. Hakihitaji kiwanda, kinahitaji kinu.

Jumamosi tulikwenda Lyulilo kwenye soko la vyungu. Vyungu vinafinyangwa na akina mama wa Kikisi wa Ikombe, ng'ambo kidogo chini ya mlima, na vinaletwa kwa mitumbwi, vimepangwa na kuzibwa kwa nyasi visigongane. Nilitamani kwenda Ikombe kwenyewe. Tulikubaliana na kijana mwenye boti ya injini, lakini alikuja na jaketi mbili za kuokolea maisha na sisi tuko wanne. Nikamwambia, mwanangu, ziwa hili lina kina cha mita 700, mimi siwapandishi watoto. Alikasirika kidogo, akaenda kuazima nyingine mbili, na ikawezekana. Ombeni jaketi kabla ya kulipa. Ikombe nilinunua chungu cha kupikia maharage kwa elfu nane, mabega yake yamepakwa udongo mwekundu, ukikigonga kwa kidole kinalia kama kengele. Aliyekifinyanga alinionyesha mikono yake na kusema chungu hicho kikivunjika ndani ya miaka mitano nikirudishe.

Jioni hiyo ya pili nilifanya nililotaka. Nyumba ya tatu kutoka barabarani kuna mama ana mchele wake mwenyewe, mpunga wa shamba lake. Nikausugua kiganjani, nikaunusa, nikamwambia nipimie kilo mbili. Nikampelekea mpishi. Yeye bila kuambiwa akapunguza maji, maana mchele mpya hautaki maji mengi, na akapika na ndizi za mbalaga pembeni. Nawapa sifa kwamba hawakukataa. Kifuniko kilipofunuliwa, meza ya pili, familia kutoka Dar es Salaam, waligeuka wote. Baba wa familia ile akamwita mhudumu akauliza wao wanaletewa lini ule. Tuliwagawia. Mama yangu, ambaye siku hizi anakula kama ndege, aliongeza mara mbili.

Jumapili wakati wa kuondoka msimamizi alinifuata na daftari. Mpishi alikuwa amemsimulia, na wale wageni wa Dar walikuwa wameuliza tena. Aliniomba namba ya simu ili mwezi ujao akija Mbeya anunue kwangu mchele wa Kyela, magunia mawili kwa kuanzia. Magunia mawili kila mwezi ni mteja mzuri, na sina wateja wa kuchezea. Nilimwomba aweke daftari mfukoni, twende mara moja. Costa ilikuwa inapiga honi. Tulitembea hadi nyumba ya tatu kutoka barabarani, nikabisha hodi, nikamwambia mama mwenye nyumba, "Huyu ni jirani yako, anatafuta mchele." Yule mama alimtazama, akaingia ndani, akatoka na debe.