Chakula kikavu cha mbwa: zinki ipo, shaba inatia shaka

Mfuko wa kilo 3 nilioununua Dar es Salaam unataja zinki miligramu 120 kwa kilo, kiasi kinachovuka miligramu 80 ambazo AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, imeziweka kuwa kiwango cha chini kwa mbwa mzima, bila kuhesabu maji. Hilo ni jema, kwa kuwa nafaka, ambazo ndizo nyingi humu, zina faiteti inayozuia zinki isifyonzwe, na upungufu wake huonekana kama magamba kuzunguka macho na mdomo. Kinachonikera ni shaba: imetiwa kama oksidi, ambayo mbwa huifyonza kwa shida mno, ilhali salfeti ingemfaa. Madini joto na seleni, ambayo mbwa huyahitaji pia kwa kiasi kidogo, hayakutajwa kabisa. Paka wangu sikumpa. Hakikutengenezwa kwa ajili yake.