Ngome za Conwy na Caernarfon kwa Siku Moja: Mwongozaji Hodari, Ratiba Yenye Kasoro

Mwezi Mei mimi na mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, tulikata tiketi za safari ya siku moja kutoka Manchester kwenda kaskazini mwa Wales, kuzitazama ngome za Conwy na Caernarfon pamoja na mji wa Conwy ambao hadi leo umezungukwa na ukuta wake wa Zama za Kati. Naandika kwa ajili ya wenzetu wanaoishi Uingereza na kupokea wageni kutoka nyumbani, ambao wangependa kujua kama safari ya namna hii inastahili nauli yake. Kwa maoni yangu inastahili, na sababu kubwa ni mwongozaji. Lakini ratiba ina kasoro ambayo kampuni ingeweza kuirekebisha bila gharama yoyote.

Basi liliondoka saa mbili kamili asubuhi, likafuata barabara ya pwani, bahari ikiwa mkono wa kulia. Mwongozaji wetu, mama wa makamo mzaliwa wa Caernarfon ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiwelshi, alitumia mwendo huo kutueleza kwa nini ngome hizi zilijengwa. Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, aliuawa vitani Desemba 1282, na mwaka uliofuata Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza akaanza kujenga ngome za kuidhibiti nchi aliyoiteka. Pale Conwy palikuwa na nyumba ya watawa alimozikwa Llywelyn Mkuu, babu yake huyo aliyeuawa; mfalme aliwahamishia watawa bondeni, akajenga ngome yake na mji wa walowezi wa Kiingereza, na wenyeji wakazuiwa kumiliki viwanja au kufanya biashara ndani ya ukuta. Mama huyu hakuipamba habari hiyo wala hakuitia chuki. Aliisimulia kama mtu anayesimulia mambo ya nyumbani kwao, na ndiyo maana basi zima lilinyamaza kumsikiliza.

Ngome ya Conwy ina minara minane mikubwa ya mviringo juu ya mwamba, na ujenzi wake mkubwa ulikamilika kwa takribani miaka minne chini ya fundi mkuu James wa Saint George, aliyetoka Savoy, eneo la milima ya Alps barani Ulaya. Ngome pamoja na ukuta wa mji viligharimu kama pauni 15,000 za wakati ule. Leo haina paa wala sakafu za mbao, na huo ndio uzuri wake kwa anayependa kuelewa jinsi jengo lilivyofanya kazi. Ukisimama chini ndani ya mnara na kuinua macho, unaona mashimo ya mraba yaliyoshikilia boriti, safu juu ya safu, na mahali pa kuotea moto pamebaki juu ukutani kama mlango usio na ngazi. Nje, mwongozaji alituonyesha vishimo vidogo vinavyopanda kwa kuzunguka mnara. Humo ndimo mafundi walimochomeka miti ya majukwaa yao, yakawa njia ya mteremko ya kupandishia mawe, mtindo unaohusishwa na mafundi wa Savoy.

Mama mkwe wangu, ambaye ngazi zile nyembamba za kuzunguka zilimshinda baada ya ghorofa ya kwanza, alikuwa amekaa uani akiukagua ukuta. Tuliposhuka alituonyesha mabaka meupe kati ya mawe, akasema, "Hapa palipigwa chokaa, mwanangu." Mwongozaji alifurahi sana, akathibitisha kwamba ngome hii ambayo sisi sote tulidhani ilikuwa ya kijivu tangu mwanzo iling'aa kwa weupe ilipokuwa mpya. Ilihitaji jicho la mtu aliyekulia Mji wa Kale kuliona hilo kabla ya kuambiwa.

Ukuta wa mji una urefu wa kilomita 1.3 na minara 21, na sehemu kubwa yake unaweza kuitembea kwa juu bila malipo. Usiache upande wa kusini, ambako vyoo 12 vya mawe vimejitokeza nje ya ukuta kwa mstari mmoja, vilivyojengwa kwa ajili ya watumishi wa mfalme. Nyumba ndogo kuliko zote Uingereza, iliyopo ufukweni, inatazamwa kwa dakika tano.

Baada ya hapo ndipo kosa la ratiba lilipoonekana. Njiani kuelekea Caernarfon tulisimamishwa dakika arobaini kwenye duka la zawadi ambalo hakuna aliyeliomba, kisha tukapewa saa moja na robo tu katika ngome ambayo, kwangu mimi, ndiyo kubwa kwa maana. Minara yake si ya mviringo bali ina pembe, na mawe yake yamepangwa kwa mistari ya rangi mbili, jambo ambalo wengi hulifananisha na kuta za Constantinople. Hapa alizaliwa Edward wa Pili mwaka 1284, na hapa wenyeji walioasi mwaka 1294 waliingia na kuchoma moto, kwa sababu upande unaotazama mji ulikuwa haujakamilika. Mwongozaji alianza kutueleza habari ya uasi huo tukiwa chini ya Mnara wa Tai, dereva akapiga simu kutuita. Nilisikitika kwa niaba yake, maana huo ulikuwa mji wake.

Jambo jingine ni kiingilio. Tangazo lilisema "ngome mbili", nasi tukadhani vimejumuishwa. Tulilipa wenyewe mlangoni, mara mbili. Uliza kabla ya kulipa nauli.

Kwa wanaosafiri na wazee, Conwy ni ngazi tupu, lakini Caernarfon ina lifti katika Lango la Mfalme tangu 2023, na mama mkwe wangu alifika juu kabisa bila taabu. Kutoka pale aliona mlango wa bahari na kisiwa cha Môn (Anglesey kwa Kiingereza) ng'ambo, akakaa kwenye benchi na kukitazama mpaka tulipoitwa.